Kodi ya Vidole Vinne

"Mikasi, unaninyoa au unanipapasa?"

Alikuwa mteja wa tatu kulalamika asubuhi hiyo. Kinyozi akaomba radhi. Mkono wa kulia ulishika mashine vizuri tu. Wa kushoto, uliotakiwa kuinamisha kichwa, ulikuwa umejikunja wenyewe, kila kidole kikitafuta uzi wake wa gitaa kwenye utosi wa mtu.

Mikasi alikuwa ameipigia kwaya gitaa miaka kumi na mmoja, na kodi alizozijua, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zilimtosha. Kisha mwalimu wa kwaya akaleta wimbo mpya, na katikati ya mstari wa tatu kulikuwa na kodi yenye jina refu kama la mtu mwenye vyeo: B maina saba, tano imeshushwa. Ilitaka vidole vinne juu ya nyuzi nne. Kidole chake cha mwisho kiliwahi kubanwa na mlango utotoni, hakikunjiki sawasawa. Siku ya kwanza kilitoa mlio wa bati. Tangu hapo, wiki sita nzima, wakifika pale aliinua mkono kidogo, kinanda kikamfichia aibu.

Alhamisi mpiga kinanda akapiga simu: baba yake kazidiwa, anasafiri. Jumapili gitaa litabaki peke yake.

Jioni hiyo aliisukuma sahani ya chakula pembeni.

"Ni hiyo kodi," alimwambia mkewe.

"Kodi gani tena? Si tulishamlipa mwenye nyumba?"

"Ya gitaa, mama watoto."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, hadi alipoona mwenzake hacheki.

Jumamosi aliwahi mazoezini kabla ya wote, shati limemganda mgongoni. "Mwalimu, nimekuwa nakudanganya. Ile kodi siipigi."

"Najua," alisema mwalimu yule wa kike, akipanga viti. "Tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nangoja useme. Piga kwa vidole vitatu. Noti inayobaki ni D, na hapo waimbaji wa sauti ya kwanza wanaiimba wenyewe."

"Wakiikosa je?"

"Basi tutaumbuka wote."

Maneno hayo hayakumpa usingizi. Jumapili, ubeti wa kwanza, alipofika mstari wa tatu, hakuinua mkono. Vidole vitatu vikashuka. Kinamama wa sauti ya kwanza wakaiweka D mahali pake, na kodi ikasimama nzima, nusu mikononi mwake, nusu vinywani mwao. Ubeti wa pili na wa tatu hivyo hivyo. Ubeti wa nne kidole cha mwisho kikajitupa chenyewe kwenye uzi, kikakwaruza kidogo. Hakuna aliyegeuka, ila mwalimu aliinua nyusi.

Walipomaliza, mkono wa kushoto ulibaki umejikunja wenyewe hata akashindwa kufunga zipu ya mfuko wa gitaa. Mkewe akainama, akamfungia.