Juala Juu ya Githeri

Wenzangu mliokulia Kibomet, hapo Kitale, enzi zetu kabla majuala ya plastiki hayajapigwa marufuku, bila shaka mnakumbuka githeri ilivyopikwa. Mahindi na maharagwe yakishachemka, mama alitandaza juala mdomoni mwa sufuria, akaweka kifuniko na jiwe juu yake. Harufu ikitufikia tuliacha mchezo katikati. "Bila karatasi haiivi," mama alisema, maana juala tuliliita karatasi. "Mtakula mawe."

Kazi yangu ilikuwa kulitupa juala hilo baadaye. Nilikuwa mvivu wa kwenda hadi shimo la taka, kwa hivyo nililirusha nyuma ya zizi. Lilikuwa na chumvi na mafuta, na Karembo, ng'ombe wetu wa pekee, alililamba kwa raha. Sikumwambia mtu.

Nilipokuwa darasa la sita, Karembo akagoma kula. Siku ya pili tumbo likafura upande wa kushoto, likakaza kama ngoma. Mdogo wangu Kim, wa miezi kumi, alikuwa akitegemea maziwa ya Karembo, maana ya mama yalikuwa yamekauka. Mama akamkoroga uji mwepesi, mtoto akautema wote. Nilikaa mlangoni. Nilijua nilichofanya.

Daktari wa mifugo, mzee mtulivu kutoka Bungoma, alimdunga Karembo ganzi, akampasua ubavuni akiwa amesimama. Akaingiza mkono hadi kwapani, akavuta. Likatoka juala, likafuata jingine, yamesokotana kama kamba, na kati yao yale ya milia ya buluu ya duka la mtaani kwetu.

"Mama, hii ng'ombe imekula duka mzima," alisema. "Nani anaipatianga hizi makaratasi?"

Nililia kabla sijaulizwa. Mama hakunichapa. Aliniangalia tu, na hilo liliniuma kuliko mwiko.

Karembo alipona, na Kim akapata maziwa yake tena. Tukajiona tumeerevuka. Tangu siku hiyo kila juala lilitumika kuwashia jiko, mama akipuliza, Kim mgongoni, moshi mweusi ukituingia puani. Githeri nayo iliendelea kufunikwa vilevile.

Vijana wa leo wanamcheka mama na juala lake, ati ushamba, huku wamebeba chipsi za moto ndani ya plastiki na chupa ya maji iliyoshinda juani. Wataalamu nao wanasema plastiki haiozi. Inamomonyoka na kuwa chembe zisizoonekana, na zimepatikana kwenye udongo, majini, katika damu, hata kwenye maziwa ya mama. Madhara yake bado wanayachunguza. Siku niliyosikia hayo redioni nilikuwa nikimnyonyesha binti yangu. Nilimtoa kwenye titi. Akalia. Nikamrudisha.

Nautamani woga wa enzi zile. Ulikuwa mkubwa, lakini daktari aliingiza mkono akautoa, ukalala pale nyasini sote tukauona. Huu wa leo nanyonyesha nao, na sijui nimwite nani.