Picha Safi ya Mgongo wa Mutua

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilirudi kwenye chumba cha giza cha kuoshea filamu mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikapelekwa kituo cha afya huku Eastlands kupiga eksirei. Kila kitu kilinitia wasiwasi: kama kaseti, lile sanduku bapa linalobeba filamu, limekaa sawa, kama herufi ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kulia nimeiweka kulia kweli.

Mpiga Picha Mkuu, mama mrefu asiyekuwa na haraka, alinitazama akacheka. "Wewe binti, utawaza mpaka dawa ya kuoshea ikauke. Piga, osha, andika jina. Kusoma picha ni kazi ya daktari."

Hilo la mwisho ndilo nililokuja kulivunja.

Mutua alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye kiwanda kimoja cha unga, Industrial Area. Aliingia amepinda upande mmoja, mkono kiunoni. Maumivu yalimshuka hadi kwenye unyayo wa kushoto. Nilipomlaza mezani aliuma meno, kisha akatania.

"Daktari, ukinipiga nimekunja uso hivi, mama watoto ataikataa hiyo picha."

"Uso hautaonekana, Bwana Mutua. Vuta pumzi. Toa. Usipumue."

Filamu ikatoka majini, nikaitundika mbele ya taa ikiwa bado inatona. Pingili tano za kiuno zilikuwa zimepangana vizuri, nafasi kati yake sawa. Mutua alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Niambie ukweli. Msimamizi anasema ni uvivu. Nina kiwanja Dandora, kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nikiacha kazi saa hizi, nyumba haitaisha."

Nilipaswa kumwambia kwamba mimi si daktari. Lakini nilimwonea huruma. "Mifupa yako ni mizima kabisa. Hakuna kilichovunjika."

"Kweli?"

"Kweli."

Alicheka kwa aibu. "Basi ni mimi mwenyewe." Filamu ilipokauka aliichukua akaenda nayo, hakumngoja daktari. Kesho yake alikuwa amerudi kubeba magunia.

Sikumdanganya. Ila eksirei huonyesha mifupa tu. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, haionekani, wala mishipa ya fahamu inayopita nyuma yake. Nililijua hilo, nililijibu kwenye mtihani. Mimi niliyewaza kila kitu sikuiwaza sentensi ile moja.

Baada ya wiki tatu wenzake walimleta kwa mkokoteni. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, hata katikati ya mapaja, na tangu jana yake alikuwa hajakojoa. Nikakimbilia kaseti.

"Acha!" Mkuu alisema. "Hapa si pa picha. Tafuta gari."

Hospitali kubwa walimpasua. Diski ilikuwa imepasuka na kuibana mishipa, na muda ulikuwa umepita. Mutua hakutembea tena.

Nilimwambia Mkuu nilichokuwa nimemwambia Mutua. Alinawa mikono polepole. "Ulimwambia kinachoonekana," alisema. "Hukumwambia kwamba kuna kisichoonekana."

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa hospitali yenye MRI, mashine inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku. Sasa diski ilionekana, na mishipa pia. Nikadhani hatatokea Mutua mwingine. Lakini nikaona diski zilizotokeza kwa watu wanaocheza mpira bila maumivu yoyote, na migongo yenye picha nzuri ya watu wanaolia wakivaa viatu. Vijana niliowafundisha niliwaambia wamuulize mtu kabla ya mashine: miguu ina ganzi? Mkojo unatoka?

Nilipostaafu nilikwenda Dandora. Mutua alikuwa ameshafariki. Mkewe, Mama Nduku, alinikaribisha chai katika chumba pekee kilichopata kuezekwa. Kioo kimoja cha dirisha hakikuwepo; mahali pake palikuwa na filamu iliyobandikwa kwa misumari midogo.

"Kioo kilivunjika," alisema. "Nikaona hii haipitishi mvua. Na ilikuwa picha nzuri, mwenyewe alikuwa akisema."

Jua lilikuwa linapita kati ya pingili tano, nafasi zote sawa. Nilitafuta herufi yangu ya risasi. Ilikuwa upande wa kulia, mahali pake kabisa.