Nukta Tatu za Mama Sikio

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke wa makamo ameinamia injini ya pikapu, kipande cha mpira wa maji kikiwa sikioni. Ncha ya pili anaipitisha polepole juu ya injini inayounguruma. Amefumba macho.

"Moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya." Mpira unafika tawi la nne la bomba la hewa, naye anakunja uso. "Ssss! Hiyo hapo. Tena ya nne!"

Wateja wanamwita Mama Sikio, na jina lake jingine wengi wameshalisahau. Ana miaka ishirini na mitatu katika ufundi wa magari. Mwandishi wa makala haya amepewa kiti pekee kilichopo gereji. Mwenyewe hakihitaji, kwa kuwa tangu asubuhi hajakaa hata dakika moja. Chai yake imepoa juu ya betri kuukuu, na kila akipita anaiangalia kama mgeni asiyealikwa.

Leo ana sababu ya kutotulia. Mwenyekiti wa umoja wa wenye pikapu anakuja saa sita kuchukua jibu. Magari yao kumi na moja yanahitaji manifoldi mpya, lile bomba lenye matawi manne linalogawa hewa kwenye silinda za injini. Zifungwe za kutoka nje au za hapa hapa?

Ya nje iko mezani ndani ya boksi lake, plastiki nyeusi inayong'aa, bei yake karibu mara mbili. Ya hapa ni ya alumini, nzito. Inamiminwa ng'ambo ya barabara na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Oda hii ikimponyoka, shemeji atazima tanuri.

"Mdogo wangu kanipigia simu mara tatu tangu jana," anasema. "Ananiambia mcheza kwao hutunzwa. Nikamwambia sawa, lakini mcheza kwao akivuja je?"

Maana ndiyo sifa iliyoenea mjini: za hapa chuma kizuri, ila zinavuja. Ikivuja, injini huvuta hewa isiyopimwa, hutetemeka, hula mafuta, na mwisho huunguza valvu. Mama Sikio mwenyewe ameyasema hayo kwa wateja mwaka mzima.

Anazima gari, anafungua bolti, anaitoa manifoldi ya shemeji na kuweka rula ya chuma kwenye uso wake unaogusa injini. Kwenye tawi la nne mwanga unapenya chini ya rula kama chini ya mlango mbovu. Anachukua tambara, anafuta pembe ile. Ghafla mkono unasimama.

Pembeni kuna nukta tatu ndogo.

Mama Sikio anaziinamia, anazigusa kwa kidole. Kisha anatoka mlangoni na kuita kwa sauti inayosimamisha wapita njia: "Shemeji! Njoo hapa. Sasa hivi!"

Hapa msomaji anapaswa kujua desturi yake. Kila kifaa anachokitengeneza hukigonga nukta tatu kwa msumari mgumu na nyundo, ili kikirudi na kasoro asiweze kukikana. Miaka miwili iliyopita shemeji alimwomba manifoldi kuukuu ya kuchukulia umbo kwenye mchanga. Akampa iliyokuwa karibu rafuni. Mama Sikio alisahau kwamba ile alikuwa ameishusha kwa tupa kwenye pembe ya tawi la nne, ikae sawa na injini moja iliyokuwa imepinda kwa joto.

"Kwa injini ile ilikuwa dawa," anasema. "Kwa nyingine zote ni tundu."

Shemeji anaingia na aproni yake, majivu hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, hizi nukta umezipiga wewe?"

"Si zilikuwepo kwenye ile uliyonipa? Nilijua ni za kiwandani. Hata mchanga ukizifuta, huwa nazirudishia kwa kijiti."

Mama Sikio anacheka mpaka anashika meza, na kicheko kinaishia vibaya, anafuta macho kwa tambara la grisi. "Mwaka mzima namsema mtu huyu," anamwambia mwandishi. "Kumbe nyani haoni kundule. Nimeona aibu, usinifiche ukiandika."

Angeweza kunyamaza. Mwenyekiti alipofika, tayari alikuwa ameegemea upande mmoja. "Kizuri chajiuza," alisema akigonga boksi la ya nje. Neno moja la kukubali, na kazi ingeisha.

Badala yake Mama Sikio alimvutia kreti lenye manifoldi sita za plastiki zilizopasuka kwenye maungio. "Siku ya kwanza zinakaa vizuri, sikudanganyi. Lakini gari la mizigo lina joto. Mwaka mmoja tu, zinakuwa hivi. Na plastiki hii haichomelewi." Kisha akamwonyesha nukta tatu, akaeleza zilikotoka.

"Kwa hiyo kosa ni lako?"

"Langu. Si la chuma, si la mchanga, si la shemeji."

Mwenyekiti aliigeuza ile alumini mikononi. "Basi nitengenezeeni moja isiyo na kosa lako. Nitaifunga kwenye gari langu mwenyewe, mwezi mmoja. Ikilia tu, nachukua za nje zote kumi na moja."

Safari hii Mama Sikio alichukua manifoldi ya injini ambayo haijawahi kuguswa na fundi, akaipima kwa rula siku mbili. Shemeji akachonga umbo jipya la mbao, kubwa kidogo, kwa kuwa alumini hupungua ikipoa.

"Na nukta?" aliuliza, nusu utani.

"Weka hata moja tu, mdogo wangu atakuwa mjane."

Mwandishi amerudi gereji; leo ni siku ya kumi na tisa tangu ifungwe. Kila asubuhi gari la mwenyekiti hupita gereji, mpira huwekwa sikioni, na matawi yote manne yako kimya.

Ungetarajia Mama Sikio atulie. Hajatulia. Kabla ya siku ile, shemeji alikuwa ameuza manifoldi kumi na nne zenye nukta. Kumi na moja wamezipata na kuzibadilisha bure. Tatu zinatembea barabarani, na wenyewe hawajulikani.

"Moja tu ikiua injini ya mtu kabla mwezi haujaisha, watasema si unaona, za hapa ni mbovu. Tanuri litazimwa, na aliyelizima ni mimi." Anazungusha spana kidoleni. "Nataka nizipate zote tatu. Oda ikija, ije nikiwa nalala usingizi. Baada ya hapo nitampa shemeji alama yake mwenyewe, aigonge kwenye kazi zake, na mimi nibaki na..."

Anasita katikati ya sentensi na kuinua kidole. Nje inapita pikapu ya buluu, imebeba magunia, injini ikitetemeka kidogo. Mwandishi hasikii chochote cha ajabu.

"Ssss! Tawi la nne," anasema Mama Sikio, na tayari yuko barabarani anakimbia na spana mkononi, akipiga kelele: "Wewe dereva! Simama! Simama, kosa si lako!"