Mwangaluka ya Saa Kumi Jioni

Mtasema jua lilinipiga. Semeni tu, nimeshazoea. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Tanga, na tangu nihamishiwe hapa Bariadi sijaamini jambo lolote kabla sijalihakiki mara mbili. Hili nimelihakiki zaidi ya mara mbili na jibu halijabadilika.

Daktari aliniambia presha yangu inapanda, nikanunua baiskeli ya gia. Kila Jumamosi nilikuwa na mzunguko wangu: lami hadi Dutwa, chai na chapati, halafu nakata kushoto njia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba, natokea Nkololo, narudi mjini jua halijazama. Si safari ya kumtoa mtu roho. Njiani kuna mto wa mchanga. Kiangazi unavuka ukisukuma baiskeli, na mvua ikinyesha huko juu unakaa ukingoni kusubiri maji yapungue.

Siku hiyo ilikuwa kiangazi haswa. Mto wote mchanga, mbuzi wamelala katikati. Ilikuwa saa kumi jioni na jua linanichoma usoni. Ukingoni alisimama mwanaume wa makamo, ameshika baiskeli nyeusi ya zamani, nyuma kafunga furushi la pamba. Nilichokiona kwanza ni suruali yake. Ilikuwa imelowa hadi mapajani, na niamini, pale hapakuwa na tone la maji.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia, yaani mama.

Sasa nisikilize vizuri. Kisukuma changu ni cha kuombea maji, ila salamu nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu, naye hakutaka mzaha: mwangaluka ni ya asubuhi, mchana na jioni ni mwadila. Wanafunzi wangu walishanicheka sana kwa kuzichanganya. Kwa hiyo nikajidai.

"Mwadila, baba."

Akatikisa kichwa kwa upole. "Mwangaluka."

Nikarudia yangu, naye akarudia yake. Ningeweza kumpita? Huku humpiti mtu salamu ikiwa haijakamilika, na isitoshe mimi nina kiherehere, kitu nisichokielewa hakinipi raha. Nikajiambia, labda kuna matumizi mengine ambayo mama mwenye nyumba hakunifundisha. Nikamjibu anavyotaka: "Mwangaluka, baba."

Jua likawa mgongoni.

Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo. Kivuli changu kilichokuwa nyuma kilikuwa mbele yangu, kirefu. Baridi ya alfajiri, jogoo wanawika, mbuzi hakuna. Na mto umejaa pomoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi. Niliogopa? Bado. Kusema kweli nilifurahi kama mtoto. Niliinama nikachovya vidole, na maji yalikuwa ya baridi kabisa.

"Afadhali umekuja, mayu," alisema. "Peke yangu nimeshindwa. Tushikane tuvuke, nikauze pamba hii. Mke wangu nimemwambia nitawahi kurudi."

Akashika usukani wa baiskeli yangu, tukaingia. Maji yakafika magotini, mara kiunoni, mchanga unahama chini ya nyayo. Hapo ndipo akili ilinirudia. Nilivuta baiskeli, hakuiachia. Hakuwa na ubaya wowote, alishika tu kama mtu aliyengoja mwenzake muda mrefu. Nikajua hatua tatu nyingine na darasa langu litatafutiwa mwalimu mwingine. Sikuwa na silaha ila ile salamu, nikaipiga kwa kelele:

"Mwadila, baba! Mwadila!"

Akageuka. Sijawahi kuona uso uliosikitika vile. "Mwadila?" akauliza. "Tayari?" Na mkono wake ukaachia.

Nilikuwa nimesimama katikati ya mchanga mkavu, jua usoni, mbuzi wananitazama. Nimelowa hadi kiunoni. Simu yangu, ambayo huwa inapima mwendo, iliandika kwamba nilisimama mahali pamoja dakika arobaini.

Nilirudi nyuma hadi nyumba ya kwanza. Palikuwa na bibi anapukuchua mahindi. Nikamuuliza kama anamfahamu mwanaume mwenye baiskeli nyeusi na furushi la pamba. Aliacha mahindi. Akaniambia mume wake alitoka hivyo asubuhi moja, zamani, watoto wakiwa wadogo. Mto ulikuwa umejaa. Baiskeli ilipatikana, yeye hakupatikana, na mpaka leo bibi hana kaburi la kufagia. Kisha akanishika mkono na kuniuliza swali moja tu.

"Alikusalimia?"

Nilimwona macho yake. Angekwenda jioni ileile, angejibu mwangaluka kwa furaha, angeshika ule mkono, na asingepiga kelele ya mwadila kamwe.

"Hapana, mayu," nikasema. "Hakunisalimia."

Akacheka kwa huruma, huruma ya kunionea mimi. "Basi siye. Mume wangu hakuwahi kumpita mtu bila salamu." Akarudi kwenye mahindi yake.

Siku hizi naendesha kwenye lami tu, kwenda na kurudi. Nikisalimiwa sijibu mpaka nitazame jua liko upande gani, na walimu wenzangu wanadhani nimeanza maringo. Nawe ukipita njia zile, mtu akakupa salamu ya saa isiyo yako, mjibu ya saa yako hata akukasirikie, kisha ondoka. Usiwe na kiherehere kama mimi. Ya kwangu yamenipa mzigo: bibi yule yu hai kwa sababu ya uongo wangu, na kwa uongo huohuo nilimnyima salamu ya mume wake. Namwonea huruma hadi leo, na sijui kama nilikuwa na haki.