Suruali ya Sufi ya Ami Khalfan

Nakumbuka siku moja ya jua kali, mwanangu, niliyoingia kwenye baridi kwa hiari yangu nikatoka najiona mwerevu kuliko wazee wangu wote. Nje lami ilikuwa inalegea. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha barafu cha ghala letu pale Freezone, katikati ya makasha ya samaki, nimevaa suruali mpya ya kuwindia, mikono nimeikunja kifuani. Pumzi yangu ilikuwa inapanda mbele ya uso kama moshi wa ubani, nami naitazama inavyopotelea kwenye taa. Nilikaa humo robo saa nzima. Miguu haikunisumbua hata kidogo, nikatoka nacheka peke yangu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yako. Ijumaa ulipokuja hapa kwangu International City, uliitoa suruali yako ya mifuko minane ukaitandaza kwenye kochi. "Mzee, hii iko poa kabisa," ukasema. "Shika uone vile ni nzito." Tajiri wako wa Mirdif, huyo unayemwita Sir, anakwenda kuwinda nchi za theluji na anakuchukua umwendeshee gari, na wewe umekulia Machakos, theluji umeiona kwenye simu tu. Niliishika. Nzito ilikuwa nzito kweli. Nikakumiminia chai tu, maana niliyemwona pale kwenye kochi hakuwa wewe, nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili wakati huo. Arbab wangu, mwenye lile ghala, alikuwa mtu wa kozi, wale ndege wawindaji ambao watu wa huku wanawapenda kama watoto wao. Kila mwaka, msimu wa baridi unapokaribia kwisha, aliwachukua ndege wake na watu wake kwenda kuwinda sungura kwenye nyika za kaskazini, kule majani hayana mwisho na mti huuoni. Aliyewalea ndege hao alikuwa Mzanzibari mwenzangu, Ami Khalfan, aliyefika Dubai kabla mimi sijazaliwa. Nilimwita ami kwa adabu, si kwa damu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mazungumzo mengi na ndege kuliko na watu. Mwaka ule arbab alisema na mimi niende, nikambebee Ami vitu vyake, akatutuma dukani tukatafute suruali yangu.

Mimi nilishachagua kwa macho kabla sijavuka mlango. Ilikuwa ya pamba nzito, rangi ya majani makavu, ina mifuko mpaka magotini. Ami Khalfan alichukua ya sufi, rangi ya majivu, pana kama gunia, akaivaa juu ya nguo zake. Kisha akarukuu palepale dukani, akapiga magoti, akasujudu, akainuka polepole. Watu walikuwa wanatutazama nami nikajifanya simjui. Alipomaliza alimwomba mwenye duka ruhusa, akadondosha maji ya chupa kwenye pindo la suruali yangu na kwenye pindo la ile ya sufi. Pindo langu likayanywa yote. Kwenye sufi yalikaa juu, akayapangusa kwa kidole.

"Hii pamba, Seif," akaniambia. "Ikisharowa si nguo tena. Na baridi ya mwisho wa msimu ni baridi ya maji."

"Ami, tunakwenda kuwinda, hatuendi kuoga."

"Haya, bwana." Akanunua ya sufi kwa ajili yake, mimi nikachukua ya pamba.

Ndipo nikaenda kujifungia kwenye chumba cha barafu. Nilimkuta jioni yake anamlisha kozi, nikamwambia nimekaa robo saa kwenye baridi kali kuliko ya huko tunakokwenda, na suruali yangu imeshinda. Hakuinua macho. Aliniuliza kama humo ndani kulikuwa na maji. Nikamwambia kwenye barafu maji yatoke wapi. "Haya," akasema tena, nami nikafikiri nimemnyamazisha. Ujana una mambo, mwanangu. Mtu akinyamaza unadhani hana la kusema.

Tulifika. Sijui nikueleze vipi weupe ule. Ardhi na mbingu hazikuwa na mpaka, na sauti ya mtu ilitoka mdomoni ikaanguka hapohapo. Usiku nililala nikiota nimo ndani ya ghala letu, lakini ghala halina kuta. Siku mbili za mwanzo baridi ilikuwa kavu, theluji inatimka kama unga, na suruali yangu ilinitosha. Nilimtania Ami na gunia lake mbele ya wenzetu, naye akacheka pamoja nasi.

Siku ya tatu, mchana, jua lilitoka na theluji ikaanza kulegea. Kozi alimpiga sungura ng'ambo ya bonde ambalo gari haliwezi kuvuka, mimi na Ami tukaenda kwa miguu. Theluji ilitufika mapajani. Kufika tulipiga magoti, yeye anambembeleza ndege amwachie sungura, mimi nimeshika mfuko, na pamba yangu kazi yake ikawa moja tu, kunywa. Wakati wa kurudi jua likajificha, upepo ukaja. Suruali ilinigandama, kisha ikawa ngumu kama kadibodi. Nilihisi vidole vikiondoka kwanza, kisha nyayo, kisha sikuhisi kitu.

Halafu nikasikia joto. Joto zuri sana. Nilikuwa barazani kwetu nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, saruji imepigwa jua, mama anachekecha mchele na ananiambia, "Kaa, mwanangu, umechoka." Nikakaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena maishani, na nakwambia ukweli, ile ndiyo furaha inayonitisha mpaka leo.

Kofi la Ami Khalfan ndilo lililonirudisha. Sikuwa barazani, nilikuwa nimekaa kwenye theluji. Alikuwa amevua viatu vyake na anavua ile suruali ya sufi, upepo wote ule, amebaki na suruali ya ndani nyepesi. Akanivua yangu kwa nguvu, akanivisha yake kama unavyomvisha mtoto anayesinzia. Ndani ilikuwa bado na joto la miguu yake.

"Na wewe, Ami?"

"Mimi nimezoea," akasema, anarudisha viatu vyake miguuni. "Tembea."

Tukatembea. Alikuwa na kozi mkononi, amemvisha kikofia chake cha ngozi, na njia nzima alizungumza nasi sote wawili kwa sauti ileile moja, mpaka mara nyingine nilikuwa sijui anambembeleza nani. Mimi nilifika kwenye gari kwa miguu yangu. Yeye pia alifika, lakini kupanda hakuweza. Arbab alimnyanyua mwenyewe, akamweka ndani.

Hiyo ikawa safari yake ya mwisho. Magoti hayakurudi. Mwaka uliofuata ndege walikwenda na mtu mwingine, na Ami akawa anasali juu ya kiti mpaka Mungu alipomchukua. Watu walipomuuliza kimempata nini alijibu, "Uzee tu," na mimi nimekaa pembeni yake nasikia. Hakunitaja hata siku moja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema litavunjika guu la nani.

Tuliporudi tu Dubai niliifua ile suruali, nikaikunja, nikampelekea. Hakuipokea. "Iweke," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kule bondeni nikamwona anatabasamu. "Atakuja mwenzako anayejua kila kitu."

Basi umekuja, mwanangu.

Nakwambia aliloniambia yeye, na mengine niliyoyajua kwa aibu yangu. Usichague suruali ya baridi kwa uzito wake mkononi, ukiwa umesimama kwenye kiyoyozi. Ifanyie kazi utakayoifanyia huko: chuchumaa, piga magoti, panda ngazi, mwaga maji gotini uone yanakwenda wapi. Chukua sufi, na iwe pana, ndani iingie suruali nyingine nyepesi ya sufi. Kiuno kipande juu, kikufunike mgongo unapoinama. Vifungo viwe vikubwa, maana vidole vikishakufa ganzi hutaweza kushika kitu kidogo. Mifuko minane utaisahau siku ya kwanza. Na ukishamaliza kuchagua, mwulize aliyekwisha kwenda, hata kama umeshalipa, hata kama ni mzee anayekuchosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukisikia joto katikati ya theluji, simama, mwite mwenzako. Usikae, hata akikwambia mama.

Kubwa kuliko yote ni hili: ubishi wako hautakuumiza wewe peke yako. Kutakuwa na mtu pembeni yako anayekupenda, na huyo hatakuacha.

Ile ya Ami nimeitoa sandukuni asubuhi hii. Miaka yote nimeiwekea karafuu nondo wasiile, kwa hiyo usishangae harufu. Ni pana kwako kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ile yako niachie hapa. Wewe una dini yako na mimi yangu, lakini Mungu anayesikia ni mmoja, nami namwomba akutangulie mbele na akulinde nyuma. Nenda, mwanangu, urudi kwa miguu yako, na uliyekwenda naye arudi kwa yake.