Mshonaji wa Majina ya Jezi

Habari ya kuhama Veridiana aliipata kwa mzee Kowalczyk, mtunza vifaa wa timu ya hoki ya barafuni, asubuhi moja ya Juni, wakiwa wawili tu katika chumba cha nguo kule Buffalo. Mzee aliingia, akavua kofia, akaketi juu ya mfuko wa magongo.

"Wametuuza," alisema. "Wenye timu wapya wanaihamisha. Msimu ujao mtacheza Louisville, Kentucky."

"Huko kuna barafu?"

"Itagandishwa ukumbini kama hapa. Lakini watu wa huko ni wa farasi na mpira wa kikapu. Barafu wanaijua ya kwenye soda."

Veridiana alisikia vizuri kwamba mzee alisema "mtacheza", hakusema "tutacheza". Kowalczyk alizaliwa Buffalo, baba yake alizaliwa Buffalo, na hakuwa na mpango wa kuhamishwa na mtu yeyote akiwa na miaka sabini na moja.

Haikuwa ile timu kubwa ya mji, ambayo jina lake liko kwenye kofia ya kila mtu. Hii ilikuwa ya daraja la chini, timu ya wachezaji wanaopanda na ya wale wanaoshuka, na kazi ya Veridiana ilikuwa nguo zao. Alizishona zilipochanika na kuzifua zilipoloa jasho. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyeshona majina mgongoni, herufi moja baada ya nyingine. Mchezaji akija, jina lilishonwa, akiuzwa, lilifumuliwa. Katika hoki watu huja na kuondoka kama wapangaji, kwa hiyo Veridiana hakukosa kazi.

Ushonaji alijifunzia katika kambi ya wakimbizi ya Kanembwa, wilaya ya Kibondo, Tanzania, ambako Warundi wenzake walifundishwa ufundi wakingoja nchi yao itulie. Haikutulia kwa wakati. Yeye, mumewe Theogene na mtoto wao Irakoze, aliyekuwa na miaka mitano, walipandishwa ndege, wakashukia Buffalo mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha ya magari. Miaka kumi na miwili baadaye Theogene aliugua figo akafariki. Mwaka uliofuata Irakoze alimaliza shule, akapata kazi ya ghala Columbus, Ohio, akahamia huko na rafiki zake. Veridiana akabaki na nyumba ya vyumba vitatu na sauti ya friji.

Basi meneja mpya alipompigia simu kuuliza kama angekubali kwenda Louisville, maana hawakuwa na mtu mwingine aliyejua nguo zile, hakuomba hata siku moja ya kufikiri. Alisema ndiyo. Baadaye alijiuliza kama aliifuata kazi au aliikimbia nyumba.

*

Alipanga nyumba Newburg, kwenye majengo ya ghorofa yaliyojaa Wakongo wa Kivu. Alidhani Kiswahili kingemfungulia milango. Kilimfungulia, lakini nusu. Wenzake waliongea haraka, wakachanganya na Kifaransa, wakacheka vitu alivyovielewa wakati kicheko kimeshapita. Walikuwa watu wema. Walimsalimia kwenye ngazi, wakamuuliza habari za kazi, kisha kila mtu akakimbilia zamu yake, wengi wao maghalani. Jumamosi jioni alisikia kupitia ukutani jinsi jirani alivyopokea wageni, sahani zikigongana, na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikapenya chini ya mlango. Angebisha hodi angekaribishwa. Hakubisha. Yeye alikuwa mtu wa kusubiri kualikwa; wa kubisha hodi alikuwa Theogene.

Kirundi hakuwa na wa kuongea naye kabisa. Siku moja kazini alijisikia akiisemesha cherehani kwa Kirundi, akanyamaza kwa aibu.

Msimu ulianza Oktoba. Timu ilikuwa imepewa jina jipya na rangi mpya, nyekundu, na Veridiana alikuwa ameshona majina ishirini na sita kwa wiki mbili. Ukumbi ulikuwa na viti elfu tisa. Siku ya kwanza walikuja watu elfu nne, wengi kwa sababu waligawiwa kofia za bure. Kila filimbi ilipolia, mtangazaji alieleza sheria iliyovunjwa, taratibu, kama katekista mbele ya watoto wa komunyo. Watu walishangilia wachezaji walipogongana ukutani na wakakaa kimya kipa alipookoa kisahani cheusi kilichokuwa kikienda golini kwa kasi ya risasi. Timu ilifungwa nne kwa moja. Ikafungwa tena, na tena. Kufika mechi ya saba walikuwa hawajashinda hata moja, na viti vitupu vilikuwa vingi hata ukikohoa unasikika upande wa pili.

Kila mfanyakazi alipewa tiketi mbili kwa kila mechi ya nyumbani awape ndugu zake. Za Veridiana zilirundikana kwenye droo pamoja na nyuzi.

*

Aliyezoea kuingia katika chumba cha Veridiana cha kushonea alikuwa kipa, Étienne Théberge, mwanamume wa miaka thelathini na sita kutoka Quebec, wanakoongea Kifaransa, mwenye magoti mabovu na sauti ya upole. Alikuja Buffalo mwaka wa mwisho kabla ya kuhama, lakini kule walikuwa wakisalimiana tu. Na huku Louisville mkewe na binti zake wawili walikuwa hawajamfuata, kwa sababu ya shule. Aligundua kwamba Veridiana anajua Kifaransa kidogo, kile cha shule ya kambini, akaanza kuja na kahawa yake kabla ya mazoezi. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, miguu ameinyoosha mbele kama mzee.

"Madame Veridiana," alimwambia siku ya kwanza, "nyumbani kwangu ninaongea na televisheni."

"Afadhali wewe," alijibu. "Televisheni inajibu."

Kuanzia hapo walizoeana. Yeye alimweleza habari za binti zake. Veridiana alimweleza habari za Irakoze, ambaye akipigiwa simu kwa Kirundi hujibu kwa Kiingereza, na ambaye alisema angekuja Krismasi, kisha akasema zamu haziruhusu.

Mwezi wa kumi na moja Veridiana aliona leseni ya gari ya Étienne mezani, akauliza: "Kwa nini hapa jina lako lina kialama juu ya E, na kwenye jezi halina?"

"Kwenye timu hawaweki. Kuanzia nilipokuwa na miaka kumi na tisa, hakuna aliyeweka."

Étienne alipotoka, Veridiana alikata kipande cha kitambaa cheupe, kidogo kama punje ya mchele, akakishona mahali pake. Jioni ile Étienne alivaa jezi bila kutazama. Mchezaji mwenzake ndiye aliyemwonyesha. Akaivua tena, akaiangalia mgongoni, akasimama nayo hivyo kwa muda katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wakimpita. Usiku ule timu ilishinda kwa mara ya kwanza, mbili bila, na Veridiana, ambaye hakuwahi kujali matokeo, alijikuta amesimama nyuma ya kioo kinachozunguka barafu huku ameshika mkasi na kupiga kelele.

*

Tiketi zilipata mtu wiki ile ile. Mama Généreuse, jirani wa ghorofa ya chini na mwimbaji wa kwaya, alimsimamisha kwenye ngazi.

"Mama Irakoze, donc batu banalipa juu ya kuangalia banaume banasukumana ku barafu?"

"Wanalipa. Lakini wewe nitakupa bure."

"Bon! Mi nitakuya. Nitavaa makoti mbili."

Alikuja na binamu yake Chimène, wote wamevaa makoti mawili kweli, na blanketi juu yake. Kwa dakika kumi Généreuse alitazama mdomo wazi. Kisha akauliza, "Bale benye rangi nyekundu njo betu?" Alipoambiwa kwamba ndio wao, alianza kushangilia kwa sauti ya kwaya, sauti iliyozoea kujaza kanisa bila kipaza sauti, hata wachezaji wakageuka kumtafuta. Veridiana alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Walikuja mara tatu. Halafu Chimène akahamishiwa zamu ya jioni, na Généreuse kifua kikambana kwa ajili ya baridi, akasema atarudi mambo yakitulia. Tiketi zikarudi kwenye droo.

Na mwezi wa pili Étienne akauzwa.

Meneja aliingia saa nne asubuhi, akaweka jezi ya kipa mezani. Kipa mpya, kijana, alikuwa njiani kwa ndege na angevaa namba ile ile jioni. "Fumua jina hili, Veri. Herufi zake mpya hizi hapa."

"Théberge anajua?"

"Ameambiwa sasa hivi. Ndege yake ni saa nane."

Veridiana alichukua wembe mdogo wa kufumulia. Alianzia mwisho wa jina, kama alivyozoea, akikata uzi mmoja mmoja ili kitambaa kisidhurike. Alikuwa amebakiza herufi tatu Étienne alipotokea mlangoni na begi begani. Akatazama jezi: *THÉ*.

"Tazama," akasema. "Imebaki chai." Kwa Kifaransa ndiyo maana ya herufi zile tatu.

Veridiana aliweka wembe mezani. "Samahani. Wamenituma."

"Najua. Ingekuwa mwingine, ningechukia." Alisimama, hajui mikono aiweke wapi. "Huko ninakokwenda sidhani kama wana mshonaji."

"Mwambie yeyote aliyepo akuwekee kile kialama."

"Nitamwambia."

Walishikana mikono. Kwa desturi ya kwao Veridiana alimshika kwa mikono miwili, kwa heshima, naye akainamisha kichwa kana kwamba anajua maana yake. Alipotoka, Veridiana alimaliza zile herufi tatu, akashona jina jipya la kijana asiyemjua. Jioni kijana akaivaa, ikamtosha vizuri. Kazi ilikuwa safi; hakuna aliyeweza kuona kwamba pale palikuwa na mtu mwingine.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito kuliko zote. Alikunywa kahawa yake akiwa amesimama, ili asikitazame kiti cha pembeni.

*

Machi timu ilikuwa na mechi Columbus, Jumapili mchana. Kwa kawaida Veridiana hakusafiri nayo. Alimwomba meneja nafasi kwenye basi, akasema jezi zimechoka na huenda zikachanika. Meneja alimtazama, akasema sawa. Alimwandikia Irakoze ujumbe: kiti kipo, jina lako liko mlangoni. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, kwamba labda yuko kazini, ataangalia.

Kiti kilibaki kitupu vipindi vyote vitatu. Veridiana alikitazama mara nyingi kuliko alivyotazama mchezo.

Baada ya mechi, wachezaji wakioga, alitoka nje kupakia mifuko ya nguo. Kando ya basi alikuwa amesimama kijana mrefu mwenye koti la ghalani. Alikuwa na mabega ya Theogene. Alikuwa amefika tangu kipindi cha pili, alisema, akashindwa kuingia.

"Ulishindwa kwa nini? Jina lako lilikuwepo."

Irakoze alitazama matairi ya basi. Akaongea Kirundi, kwa shida, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Baba alipokufa, nilikuja huku nikasema mama atanifuata. Nikangoja. Halafu nikasikia umehama. Ulifuata timu, mama. Hukunifuata mimi."

"Hukuniita!"

"Nilifikiri mama haitwi. Anakuja tu."

Veridiana aliweka mfuko chini. "Na mimi nilifikiri mtoto akishakuwa mtu mzima hafuatwi. Anaita."

Dereva aliwasha injini ili basi lipate joto. Kisha Irakoze akauinua ule mfuko, akaupakia, akapakia na mingine yote, hakumwachia mama yake hata mmoja. Ilipobaki dakika chache alimkumbatia, na koti lake lilinuka maboksi na mvua.

*

Timu ilimaliza ya pili kutoka mwisho. Aprili meneja alimwomba Veridiana arudi msimu ujao, naye akasema atamjibu. Akaenda Columbus.

Irakoze na mwenzake mmoja walikuwa wakipanga nyumba ndogo Clintonville, kwenye mtaa wa miti mikubwa na watu wanaotembeza mbwa. Irakoze alimwachia mama kitanda, yeye akalala kwenye kochi. Jioni walikula pamoja, na Kirundi cha kijana kikaanza kulegea na kurudi. Lakini mchana alikuwa kazini kwa saa kumi, na Veridiana akabaki katika nyumba ya mtu mwingine, akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Wiki ya tatu aligundua kwamba upweke wa hapo ulikuwa sawasawa na ule wa Newburg. Tofauti ni kwamba kule alikuwa na kazi ya mikono yake, na ufunguo wake mwenyewe.

Alimwambia mwanawe akiwa anamenya viazi. "Nitarudi Louisville. Sikukimbii."

"Najua."

"Ni saa tatu kwa gari."

"Saa tatu na nusu," Irakoze alisema. "Wewe hujui nitakavyoendesha polepole nikiwa na chakula chako nyuma."

Aliahidi kuja Oktoba. Hakuja Oktoba, alikuja wikiendi ya pili ya Novemba. Alikaa siku mbili, akarekebisha bomba la jikoni, akapelekwa kwa Mama Généreuse kusalimia, akala huko mpaka akashindwa kuinuka. Jumapili mchana aliondoka. Veridiana alisimama dirishani mpaka gari likakata kona ya barabara kuu. Nyumba ikawa kimya. Akaosha vyombo viwili, akavaa koti, akaenda kazini, maana mechi ilikuwa saa kumi na moja.