Sensa Kwenye Sufuria ya Chai

Stendi ya Kibondo gari la Josepha Manirambona waliliita Shuka Tusukume. Jina lilianza kama utani wa kondakta mmoja, likashika kama gundi. Lilikuwa gari la kijivu, la abiria wachache, limezeeka lakini safi, viti vyake amevishonea vitambaa mwenyewe. Asubuhi kwenye baridi likiwashwa linanguruma vizuri tu. Linapanda, linashuka, abiria wanaanza kusinzia. Jua likishakuwa kali, mahali penye mlima, injini inanyamaza. Haikohoi, haitoi moshi. Inanyamaza kama mtu aliyekatwa kauli.

Hapo Josepha hushuka, huchukua dumu la maji, huinua boneti na kuimwagia injini maji mwili mzima. Akisubiri kidogo, inawaka. Kwa hiyo kila fundi aliyemuuliza gari lina nini, Josepha alimjibu neno moja, "Inachemsha." Na mafundi wakatibu kuchemsha. Mmoja aliosha rejeta. Mwingine alibadilisha feni. Wa tatu aling'oa kitu fulani akakitupa, akasema hata hakihitajiki. Gari likaendelea kunyamaza milimani.

Tatizo jingine lilikuwa ile taa ya njano yenye picha ya injini. Abiria wa Kibondo wanaijua taa hiyo kuliko wanavyojua majina ya mitume. Wakiiona inawaka kwenye dashibodi, wanashuka na mizigo yao kimya kimya, wanapanda gari la nyuma. Madereva nao wana dawa yao. Kabla ya kupakia unafungua boneti, unalegeza waya wa betri, unasubiri kidogo, unarudisha. Taa imezima. Stendi wanaita kuisahaulisha gari. Josepha aliisahaulisha ya kwake kila asubuhi, kama mtu anayenawa uso.

Alhamisi moja gari lilimzimikia tena karibu na Busunzu, akiwa na mama mjamzito na mzee mwenye kesi mahakamani. Wote wawili walidandia lori. Jioni ile Evaristi, mwenyekiti wa madereva, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alimwita pembeni.

"Dada Josepha, jina lako kwa Kirundi linasema Mungu ananiona, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Sasa na abiria nao wanatuona. Wameanza kusema stendi nzima ni ya kusukuma. Zamu yako ya Kasulu ni Jumamosi. Ukiacha tena watu njiani, unatoka kwenye foleni. Mimi sina ugomvi na wewe, kikao kimeamua."

"Na nikifika salama?"

"Ukifika salama nitakupigia simu kukuuliza hali. Zaidi ya hapo sijui."

Josepha hakulala vizuri, ingawa yeye hata siku za kawaida halali vizuri. Mume wake Nathaniel, ambaye ni mkulima wa mihogo na mtu wa polepole, huwaambia watu kwamba mke wake analala kama msafiri anayeogopa kuachwa na basi. Kanisani anakaa karibu na mlango. Msibani hajapata kumaliza kikao. Utamkuta nje anachota maji, anapanga kuni, mradi miguu itembee. Alizaliwa hivyo. Babu yake alivuka kutoka Burundi zamani, akapewa shamba, akapata watoto, baadaye akapata na uraia. Lakini mpaka anakufa aliweka sufuria zake mahali pa kuzibeba haraka. Baba yake aliendesha lori la kupeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na Josepha, akiwa binti mdogo, alikaa pembeni yake akitazama miguu ya baba inavyocheza na klachi. Kambi ilipofungwa lori liliondoka, baba akakaa nyumbani, akakonda. Josepha alimtazama akikonda na akajiambia kitu ambacho hakumwambia mtu: mimi nikikaa, nami nitakwisha.

Ndiyo maana foleni ile ilikuwa zaidi ya kazi kwake.

Ijumaa asubuhi aliendesha gari tupu hadi Kasulu kwa fundi Fidele, ambaye alikuwa na mashine ya kupimia magari. Fidele ni kijana mrefu, anavaa ovaroli iliyokatwa mikono, na haongei mpaka amalize kutafuna anachotafuna.

"Mwakeye, kaka. Gari inachemsha," Josepha alimsalimu kwa Kiha kabla hata hajashuka.

"Mwakeye. Umeipima?"

"Naijua."

Fidele alichomeka mashine chini ya usukani, akasubiri, akakunja uso. "Haina kosa hata moja. Gari ya umri huu? Hata mimi nina makosa. Umegusa betri leo?"

"Nimeisahaulisha asubuhi."

"Nyie watu wa Kibondo!" Fidele alicheka mpaka akashika mlango. "Gari inaandika inachougua, ninyi mnafuta kabla haijasomwa. Halafu mnakuja mnaniambia inaumwa. Haya, ikizima, mshale wa joto unakuwa wapi?"

"Katikati. Lakini huo mshale ni mbovu."

"Nani kasema?"

"Gari inachemsha, mshale unasema haichemshi. Sasa hapo mbovu ni nani?"

Fidele alimtazama kidogo. "Labda mshale unasema kweli, dada."

Josepha akageuka kuutazama mshale. Ilimchoma kidogo, maana hakuna fundi aliyewahi kumwambia kuwa inachemsha. Alianza kulisema yeye, mafundi wakalipokea.

Fidele aliwasha gari, akaliacha lingurume juani, mashine ikiwa imechomekwa. Akasema leo hakuna maji, hakuna kugusa betri, watasubiri lizime lenyewe. Josepha alizunguka gari. Akaenda mpaka barabarani, akarudi. Akapanga spana za watu kwa ukubwa. Akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Dada, kaa chini."

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Ndivyo ninavyokaa mimi."

Gari halikuzima. Lilinguruma tu, jema kama mtoto mbele ya wageni. Josepha alitaka kulipiga teke. Siku zote alikuwa akiomba lisizime, na leo analiomba lizime linakataa.

"Basi tulipeleke mlimani," Fidele alisema.

Walishika barabara ya Kabanga, Josepha kwenye usukani, Fidele pembeni na mashine mapajani. Walipanda na kushuka, wakageuza, wakapanda tena kwa gia nzito. Jasho lilimtoka Josepha chini ya kitambaa. Na hapo, katikati ya mlima, injini ikanyamaza. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda mlangoni kufuata dumu.

"Oya! Usiguse kitu." Fidele alisoma kioo cha mashine. Mshale wa joto ulikuwa katikati, palepale. "Haya, sasa imesema. Inasema haipati habari za krenki. Ni sensa hiyo."

Akamweleza akiwa tayari analala chini ya gari. Krenki ni mhimili unaozunguka ndani ya injini. Pembeni yake kuna kitu kidogo, sensa, kinachoutazama ukizunguka na kuiambia kompyuta ya gari, sasa choma, sasa choma. Sensa ikizeeka, ikipata moto inapofuka. Kompyuta ikikosa habari, inakata kila kitu.

"Nipe maji kikombe kimoja tu."

Alimwaga kikombe kile kwenye sensa peke yake, polepole, sehemu nyingine hakugusa. Wakangoja chuma kipoe.

"Washa."

Iliwaka. Josepha aliushika usukani. Madumu yote yale aliyobeba, mito yote aliyochota, aliyekuwa akinywa ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Fidele hakuridhika bado. Injini ikiwa inaunguruma aliushika waya wa sensa, akautikisa, akaukunja huku na huku. Gari halikushtuka. "Waya mzima. Ni yenyewe."

Dukani Kasulu hakukuwa na sensa mpya ya injini ile. Muuzaji alisema itakuja na basi kutoka Mwanza, Jumatatu. Josepha alisimama mbele ya kaunta akitazama Jumatatu kama ukuta.

"Zamu yangu kesho," alimwambia Fidele walipotoka.

"Nina gari moja limekufa nyuma ya gereji, injini ndugu na ya kwako. Sensa yake ipo. Lakini nayo ni mzee. Inaweza ikafanya yaleyale."

"Tuifunge tu, tuone."

"Tuone wapi? Mlimani na abiria?" Fidele alitafuna kidogo. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, ambako Recho, mama muuza chai, alikuwa amekaa nyuma ya sufuria yake kubwa. "Kama ni ya kufa, ifie pale. Isife mlimani."

Waling'oa kwanza ile ya Josepha. Bolti ilikuwa moja tu, ya spana namba kumi, lakini sensa yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu na mafuta. Fidele aliipulizia dawa ya kutu, akaizungusha kushoto, kulia, kushoto, bila kuivuta kwa nguvu, kwa sababu ikikatikia ndani ni balaa jingine. Ikatoka. Akaing'oa na ya lile gari bovu. Zote mbili akaziunga nyaya za mita ya kupimia umeme, akazifunga kwenye nailoni, nyaya zikitokeza juu, wakavuka barabara.

"Mama Recho, tusaidie maji ya moto."

"Ya chai?"

"Ya vyuma."

Recho aliinua kifuniko kwa kujisahau, na kabla hajakishusha ile sensa ya Josepha ilikuwa imeshazama. "Ee! Mnapika nini humo? Sufuria hiyo nachemshia maziwa ya watu!"

"Tumeifunga nailoni, mama. Na haya ni maji matupu."

"Nailoni! Kesho mtaniletea tairi niikaange."

Wanywaji chai walisogea na vikombe vyao. Namba za mita, ambazo ndizo uhai wa sensa, zilisimama, zikasimama, halafu zikaanza kuyumba. Zikapotea.

"Amezimia," mzee mmoja alisema.

Fidele aliitoa, akaiacha kwenye upepo. Baada ya muda namba zikarudi. Josepha aliuelewa sasa ugonjwa wote wa gari lake, pale mezani kwa Recho, mbele ya maandazi. Kisha ikaingia ile nyingine. Hapo Josepha alishindwa kutazama. Alizunguka kibanda, akapita nyuma ya kuni, akatokea upande wa pili.

"Bado?"

"Bado ipo."

Akazunguka tena. Recho alimshika kanga. "Shoga, unanizungukia kama kuku anayetaka kutaga. Simama."

"Ipo?"

"Ipo," alijibu yule mzee, ambaye sasa alikuwa ameshika mita kama yake. "Haijatikisika."

Waliiacha humo mpaka Recho akadai sufuria yake. Fidele alisafisha tundu kwa kitambaa, akapaka oringi, ile pete yake ya mpira, mafuta kidogo, akaisukuma sensa mpaka ikakaa, akafunga bolti bila kuikaza kupita kiasi. Akauchomeka waya mpaka ukalia "ta," akaufunga mbali na mkanda wa injini. Mwisho akafuta lile kosa kwa mashine. "Hii ndiyo njia ya kufuta. Ukitibu kwanza," alisema. Wakaupanda mlima wa Kabanga mpaka jua likalegea. Haikuzima.

"Lakini sikuapii," Fidele alimwambia. "Jumatatu ije mpya, hii iwe ya akiba."

Jumamosi stendi ya Kibondo abiria walilitazama gari, wakatazamana. Aliyeanza kupanda ni mwalimu mgeni aliyehamishwa kutoka Lindi, ambaye hakujua jina la gari. Akakaa mbele, akafungua karanga zake. Mwanamke mwenye mtoto akamfuata, kisha wengine, kondakta wa gari la nyuma akiwapigia kelele, "Mmevaa viatu vya kusukumia?"

"Endesha yako," Josepha alimjibu.

Hakuisahaulisha gari asubuhi ile. Aliiacha taa iseme kama ina la kusema. Njia nzima alisikiliza. Mwalimu alimwuliza habari za mvua, akajibu "ndiyo." Akamwuliza shule iko wapi, akajibu "ndiyo." Kila mlima aliushika usukani kama anambeba mtu mgongoni. Jua likapanda, lami ikaanza kumetameta, injini ikaendelea. Hakukuwa na raha ndani yake; alikuwa akingoja ule ukimya, na kadiri ulivyochelewa ndivyo ulivyomtisha zaidi. Walipovuka Mvugwe mtoto alilala. Walipofika Makere mwalimu naye alilala, karanga zikamwagika.

Kasulu walishuka. Mwanamke alimwamsha mtoto, mwalimu akauliza pikipiki, kila mtu akaondoka na njia yake. Hakuna aliyegeuka. Josepha alibaki ameshika mlango, akisubiri angalau mmoja aseme neno. Simu ikaita.

"Umefika?" Ilikuwa ile sauti ndogo ya Evaristi.

"Nimefika, mwenyekiti."

"Wote?"

"Wote."

"Wamesemaje?"

"Hawajasema kitu. Wameondoka tu."

Evaristi alicheka, na nyuma yake kelele za stendi zilisikika. "Basi ndiyo gari hiyo. Abiria akisema, ujue kuna jambo. Zamu yako iko palepale. Pumzika huko, urudi kesho na foleni ya asubuhi."

"Kesho?" Josepha alitazama juu. Jua lilikuwa bado kali, lile lile la kuua sensa. Akafuta mikono kwenye kanga, na miguu ilikuwa imeshaanza kuzunguka gari kutazama matairi. "Mwenyekiti, Kasulu kuna watu wamekaa hapa na mizigo. Niandike leo."

Hakungoja jibu. Alifungua mlango wa abiria, akaanza kuita, "Kibondo! Kibondo! Twende!"